Namna ya Kuipima Habari ya Kombora Lililogunduliwa na Setilaiti

Habari za makombora hutufikia zikiwa fupi na zenye uhakika uliopita kiasi. Jeshi fulani linatangaza kwamba kombora limerushwa, afisa asiyetajwa jina anasema setilaiti zimeligundua, na ndani ya nusu saa sentensi hizo mbili zimekwisha kutafsiriwa, kusomwa redioni na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp ya Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu, na pia kwa Waswahili waishio Muscat, Doha na Abu Dhabi, ambako jambo lenyewe si la mbali hata kidogo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mhariri, mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa na msomaji yeyote anayetaka kujua ni sehemu gani ya habari ya namna hiyo imeonwa kweli na chombo kilicho angani, ni sehemu gani imekokotolewa, na ni sehemu gani imeongezwa na msemaji. Hauhitaji hesabu ngumu. Unahitaji saa, ramani na subira ya kulisoma tangazo mara mbili.

Kinachoonekana ni moto wa injini

Chombo kikuu cha setilaiti ya tahadhari ya mapema ni darubini inayopokea mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto ambayo jicho la binadamu haliioni. Injini ya kombora la balistiki, yaani lile linalosukumwa na injini mwanzoni tu kisha kuendelea kwa mwendo lililoupata, inapowaka hutoa mvuke wa maji na gesi ya kaboni dioksidi vikiwa na joto kali sana, na gesi hizo hung'aa kwa nguvu katika urefu wa mawimbi wa takriban maikromita 2.7 na 4.3. Wahandisi waliyachagua mawimbi hayo kwa sababu maalumu: mvuke wa maji na kaboni dioksidi zilizomo katika angahewa hufyonza mionzi ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo joto la viwanda, mioto ya misitu na mng'ao wa jua juu ya bahari hupotea njiani kwa kiasi kikubwa kabla ya kuifikia setilaiti. Dunia inabaki giza mbele ya darubini, na kombora linapopanda juu ya mawingu na hewa nzito, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, hujitokeza likiwa nukta inayong'aa na kusogea.

Kutokana na hali hiyo, setilaiti nyingi za aina hii hazishuhudii sekunde ile kombora linapoachana na ardhi. Hulikuta likiwa limekwisha kuruka kwa makumi ya sekunde. SBIRS, mfumo mkuu wa Marekani wa sasa, uliongezewa uwezo wa kupokea pia mawimbi yanayopenya angahewa hadi ardhini, lakini kanuni ya jumla haijabadilika. Jambo lililo zito zaidi kwa msomaji wa habari ni kwamba moto huo hauwaki kwa muda mrefu. Injini za kombora la kuvuka mabara huwaka kwa dakika 3 hadi 5 katika safari ya takriban nusu saa, na injini ya kombora la masafa mafupi inaweza kuzima baada ya dakika 1 au zaidi kidogo. Ikishazima, kinachobaki ni kichwa cha kombora kinachokwenda kwa kasi kubwa kikiwa baridi, nacho setilaiti zilizobuniwa kutafuta moto hukipoteza.

Basi kila kinachosemwa kuhusu dakika zinazofuata, yaani kimo cha juu kabisa, umbali uliosafiriwa na mahali pa kuanguka, hutokana na rada au na hesabu. Hesabu hiyo si ya kubahatisha, kwa sababu ukijua kombora lilitokea wapi, lilielekea upande gani na lilikuwa na kasi gani injini ilipozima, sheria za mwendo zitakuonyesha eneo litakapoangukia. Hata hivyo ni kadirio, na kosa dogo la kasi au la pembe mwanzoni hugeuka kilomita nyingi mwishoni.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kuchukua kalamu na kuligawa tangazo. Pigia mstari mmoja maneno yanayohusu moto ulioonekana: saa, mahali, idadi. Pigia mistari miwili yanayohusu njia na mwisho wa safari. Yanayohusu nia, kama vile nani aliamuru na alilenga nini, yazungushie duara, kwa sababu hakuna darubini inayoweza kuyaona. Utashangaa ni mara ngapi sehemu iliyozungushiwa duara ndiyo iliyochukuliwa kuwa kichwa cha habari.

Kumbuka pia kwamba si kila kitu kinachoruka na kulipuka kinatoa moto wa kiasi hicho. Makombora ya kruzi na ndege zisizo na rubani hutumia injini ndogo zinazofanana zaidi na za ndege kuliko za roketi. Vituo vya mafuta vya Abqaiq na Khurais nchini Saudi Arabia viliposhambuliwa tarehe 14 Septemba 2019 kwa silaha za aina hizo, mabishano kuhusu mahali ziliporushwa yaliendelea kwa muda mrefu, jambo ambalo si rahisi kutokea kwa kombora kubwa la balistiki. Habari inayosema kwamba setilaiti za tahadhari ziligundua kundi la droni inastahili maswali zaidi.

Uliza ni setilaiti ya nani

Nchi zenye setilaiti hizi ni chache mno, na kuzijua kwa majina huokoa muda. Marekani ilianza na mpango wa MIDAS, ambao majaribio yake ya kwanza ya mwaka 1960 yalikumbwa na hitilafu nyingi. Setilaiti iliyorushwa tarehe 9 Mei 1963 ndiyo iliyokuja kuwa ya kwanza kugundua makombora yakirushwa. Baada yake ukaja mfumo wa DSP, ulioanza tarehe 6 Novemba 1970 na kufikia setilaiti 23, ya mwisho ikirushwa mwaka 2007. Kila setilaiti ya DSP ilijizungusha yenyewe takriban mara 6 kwa dakika, hivyo darubini yake ilipita juu ya eneo lile lile kila baada ya sekunde 10. Mojawapo ilikaa juu ya Bahari ya Hindi, na taarifa zake zilipokewa katika kituo cha Nurrungar, Australia, kilichofungwa mwaka 1999. SBIRS iliyofuata ina setilaiti 6 zinazokaa juu ya ikweta, zilizorushwa kati ya tarehe 7 Mei 2011 na 4 Agosti 2022, pamoja na vihisi vilivyopakiwa kwenye setilaiti nyingine zenye obiti (njia ya kuizunguka dunia) ndefu. Katika orodha za umma utazikuta kwa majina makavu kama USA-230 na USA-336.

Muungano wa Sovieti ulianza mwaka 1972 na mfumo ulioitwa Oko. Urusi ya leo inatumia Tundra, ambazo ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Novemba 2015 na ambazo hutangazwa kwa jina la jumla la Kosmos likifuatwa na namba. China haielezi mengi. Wachambuzi wengi huamini kwamba baadhi ya setilaiti zake za mfululizo wa TJS hufanya kazi hii, na mwezi Oktoba 2019 Rais Putin alisema hadharani kwamba Urusi inaisaidia China kujenga mfumo wa tahadhari. Ufaransa ilijaribu setilaiti mbili ndogo, SPIRALE, zilizorushwa tarehe 12 Februari 2009 kwa ajili ya utafiti. Orodha haiendi mbali zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ukisoma kwamba jeshi la Japani au la Korea Kusini limegundua kombora, elewa kwamba kauli hiyo ni mchanganyiko wa rada zao wenyewe na taarifa za setilaiti wanazopewa na Marekani. Hilo haliifanyi habari kuwa dhaifu, ila linakuonya usiihesabu kauli ya Tokyo na kauli ya Washington kuwa mashahidi wawili wasiofahamiana.

Obiti nayo inasema jambo. Setilaiti inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta huzunguka pamoja na dunia, hivyo hutazama takriban theluthi moja ya uso wake bila kuhama. Lakini huiona ncha ya kaskazini kwa upande tu, pale mstari wa kutazama unapogusa ukingo wa dunia. Ndiyo sababu Wamarekani na Warusi wote wana vyombo katika obiti ndefu zinazopanda hadi karibu kilomita 40,000 juu ya kaskazini na kubaki huko kwa saa nyingi. Sasa kuna tabaka jipya linalojengwa katika obiti za chini, mahsusi kwa ajili ya kufuatilia makombora hata baada ya injini kuzima na silaha zinazoteleza kwa kasi kubwa ndani ya angahewa; Marekani ilirusha setilaiti mbili za majaribio za aina hiyo, HBTSS, tarehe 14 Februari 2024. Tabaka hilo likikamilika, baadhi ya yaliyoandikwa hapo juu kuhusu kichwa baridi kisichoonekana yatahitaji kurekebishwa.

Geuza saa zote ziwe saa moja

Makosa mengi katika habari hizi huanzia kwenye saa. Mashirika ya habari huandika kwa saa za mahali, kwa saa za Washington au kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya kulinganishia, na sisi tunaongeza tatizo letu wenyewe la kuhesabu saa kuanzia mapambazuko, kiasi kwamba 1:34 ya usiku kwa Kiingereza huweza kuingia katika taarifa kama saa 1:34 usiku wakati ni saa 7:34 usiku. Chagua saa moja, mimi hupendelea ya Afrika Mashariki kwa sababu inalingana na ya Baghdad, kisha geuza kila kitu kabla ya kuandika neno la kwanza.

Usiku wa tarehe 8 Januari 2020 ni zoezi zuri. Iran ilianza kurusha makombora ya balistiki kuelekea Al Asad, kituo chenye wanajeshi wa Marekani magharibi mwa Iraq, karibu saa 7:34 usiku kwa saa za Iraq, ambazo ni saa za Nairobi na Dodoma pia. Setilaiti za Marekani zinazosimamiwa kutoka Buckley, katika jimbo la Colorado, ziliugundua moto, na tahadhari ikafika kituoni mapema kiasi cha kuwawezesha wanajeshi waliokuwapo kuwa katika mahandaki. Hakuna aliyeuawa. Mpaka hapo tunazungumza juu ya kilichoonwa, na mfumo ulifanya kazi yake barabara. Lakini kauli ya kwanza kutoka Washington ilisema hakuna Mmarekani aliyedhurika, na katika wiki zilizofuata wanajeshi zaidi ya 100 walitambuliwa kuwa na majeraha ya ubongo yaliyosababishwa na mtikisiko wa milipuko. Setilaiti haikusema lolote kuhusu majeruhi wala haikuweza kusema. Mhariri aliyeziweka habari hizo mbili katika sentensi moja, kana kwamba zote zilitoka kwenye chombo kimoja, ndiye aliyepotea.

Asubuhi hiyo hiyo, ndege ya Ukraine ya safari namba 752 iliondoka Tehran saa 12:12 kwa saa za huko, yaani saa 11:42 alfajiri kwa saa zetu, na dakika chache baadaye ikapigwa. Watu wote 176 waliokuwamo walifariki. Maofisa wa Iran walisema ni hitilafu ya kiufundi. Siku iliyofuata maofisa wa Marekani waliwaeleza waandishi kwamba setilaiti zilikuwa zimeona dalili za joto za makombora mawili kabla ya ndege kulipuka, na tarehe 11 Januari Iran ikakiri kwamba jeshi lake la ulinzi wa anga ndilo lililoiangusha kwa makosa. Zingatia mpaka wa ushahidi: joto lilionyesha kwamba makombora yalirushwa, saa ngapi na kutoka wapi. Kwamba ilikuwa makosa na si makusudi, hilo halikutoka angani. Lilitoka katika kukiri na katika uchunguzi wa ardhini.

Ukishapata saa zako, pima kama zinawezekana. Kombora la Scud, ambalo Iraq ililitumia katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, lilihitaji takriban dakika 7 kutoka Iraq hadi miji ya Saudi Arabia au Israeli. Kombora la kuvuka mabara huhitaji nusu saa hivi kati ya Urusi na Marekani. Ukiambiwa kwamba raia walipewa onyo la dakika 20 dhidi ya kombora la masafa mafupi, kuna jambo limechanganywa, pengine ni taarifa ya kijasusi iliyotangulia shambulio, ambayo ni kitu tofauti kabisa na setilaiti. Na kugundua si kuzuia. Tarehe 25 Februari 1991 Scud iliangukia kambi ya Dhahran na kuua wanajeshi 28 wa Marekani, katika vita ambavyo DSP ilikuwa ikigundua makombora hayo kila mara. Kilichoshindwa siku hiyo ni mfumo wa Patriot wa kuzuia makombora, ambao hesabu yake ya wakati ilikuwa imekengeuka kutokana na kuwashwa kwa saa nyingi mfululizo.

Tafuta shahidi wa aina nyingine

Wanajeshi wenyewe hawaiamini setilaiti peke yake. Kanuni yao ni kwamba shambulio lithibitishwe na vyombo vya aina mbili vinavyotumia fizikia tofauti: infraredi kutoka angani na mawimbi ya rada kutoka ardhini, kwa mfano rada za Fylingdales nchini Uingereza na Pituffik huko Greenland kwa upande wa Marekani, au rada za Voronezh kwa upande wa Urusi. Sababu ni rahisi kuielewa: kinachoidanganya darubini ya joto hakiidanganyi rada, na kinyume chake.

Kisa kinachotajwa kila mara ni cha usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, nacho kinastahili kusomwa polepole kuliko kinavyosimuliwa kwa kawaida. Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha Serpukhov-15, kusini mwa Moscow, mfumo wa Oko ulipoonyesha kombora moja likitoka Marekani, kisha mengine manne. Mfumo ulitoa kiwango cha juu cha uhakika. Petrov aliripoti kwa wakubwa wake kwamba ni tahadhari ya uongo. Hoja zake, kama alivyozieleza baadaye, zilikuwa za kawaida kabisa: shambulio la kweli lisingeanza kwa makombora matano, mfumo ulikuwa mpya na hakuuamini, na rada za ardhini hazikuwa zimeona chochote.

Kilichotokea kiufundi kina mafunzo zaidi kwa anayetaka kupima habari. Setilaiti za Oko za wakati huo hazikutazama chini moja kwa moja. Zilitazama kwa mshazari, zikiupitisha mstari wa kuona karibu na ukingo wa dunia ili kombora lionekane likiwa na anga jeusi nyuma yake, na hivyo kukwepa mng'ao wa mawingu. Usiku ule, siku chache baada ya jua kuwa juu ya ikweta, setilaiti, jua na mawingu ya juu vilijipanga kwa pembe ambayo mwanga ulioakisiwa uliingia moja kwa moja katika darubini. Mbinu iliyobuniwa kuondoa kosa la aina hiyo ikashindwa katika mpangilio mmoja ambao wabunifu hawakuuzingatia vya kutosha. Baadaye Wasovieti walianza kulinganisha taarifa hizo na za setilaiti iliyokaa juu ya ikweta, iliyotazama kwa pembe nyingine.

Upande wa pili nao ulikuwa na yake. Tarehe 9 Novemba 1979 skrini za kituo cha ulinzi wa anga cha Amerika Kaskazini zilionyesha shambulio kubwa kwa sababu data za mazoezi ziliingia katika mfumo wa kazi, na tarehe 3 Juni 1980 namba za makombora zilianza kucheza kwenye skrini kwa sababu ya kipande kimoja cha kielektroniki kilichoharibika. Mara zote mbili, setilaiti na rada zilipoulizwa moja kwa moja, zilijibu kwamba hakuna kitu. Hapa chombo kilikuwa sahihi, na kompyuta iliyokuwa katikati ndiyo iliyosema uongo. Tahadhari ya Hawaii ya tarehe 13 Januari 2018, iliyotumwa kwenye simu za wakazi saa 2:07 asubuhi na kusahihishwa baada ya dakika 38, haikuhusisha setilaiti hata kidogo. Ni mtumishi wa zamu aliyetuma ujumbe. Kwa hiyo usiridhike na swali la kama tahadhari ilitolewa. Uliza ilitoka katika hatua gani: darubini, kompyuta, ofisi ya jeshi, au mamlaka ya dharura ya raia.

Angalia kama kulikuwa na taarifa ya awali

Majaribio mengi ya makombora hutanguliwa na matangazo kwa marubani na mabaharia yanayofunga eneo fulani la anga na bahari kwa muda maalumu, na matangazo hayo yako wazi kwa umma. India, kwa mfano, hufunga sehemu za Ghuba ya Bengali kabla ya majaribio yake, na ukichora viwianishi vya tangazo kwenye ramani utaona ukanda mrefu unaokuonyesha upande wa kombora na umbali wa chini linaotarajiwa kwenda. Marekani na Muungano wa Sovieti zilikubaliana mwaka 1988 kuarifiana angalau saa 24 kabla ya kurusha kombora la kuvuka mabara, India na Pakistani zina mapatano yao ya mwaka 2005, na Kanuni za Maadili za The Hague za mwaka 2002, ambazo Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga nazo, zinazitaka nchi wanachama kutoa taarifa kabla ya kurusha makombora ya balistiki na roketi za anga za juu.

Tangazo likikosekana haimaanishi kwamba habari ni ya uongo. Korea Kaskazini mara nyingi haitangazi chochote. Na likiwapo haimaanishi kwamba kila mtu amelisoma. Tarehe 25 Januari 1995 roketi ya kisayansi iliyorushwa kutoka Andøya nchini Norwei ilizishtua rada za Urusi na kumfikisha Rais Yeltsin kwenye mkoba wake wa nyuklia, ingawa Norwei ilikuwa imetoa taarifa wiki kadhaa kabla. Taarifa hiyo haikuwafikia waliokuwa zamu. Tarehe 3 Septemba 2013 Urusi ilitangaza kwamba rada yake ya Armavir imeona vitu viwili vya balistiki juu ya Mediterania, siku ambazo dunia nzima ilikuwa ikisubiri Marekani iishambulie Syria, na baada ya muda Israeli ikaeleza kwamba lilikuwa jaribio la kombora linalotumiwa kama shabaha ya mazoezi, lililofanywa pamoja na Wamarekani. Saa zile za katikati ndizo zinazompima mhariri.

Wakati wa vita dalili huwa nyingine. Qatar ilifunga anga lake muda mfupi kabla Iran haijashambulia kituo cha Al Udeid, chenye wanajeshi wa Marekani, tarehe 23 Juni 2025, na yeyote aliyekuwa akitazama ramani ya safari za ndege aliona ndege zikigeuza njia.

Usiitegemee picha ya joto ya umma

Kila panapotokea shambulio, mtu hutoa picha kutoka ramani ya mioto ya NASA na kusema nukta nyekundu ndiyo mahali kombora liliporushwa. Ramani hiyo ni nzuri kwa kazi yake, lakini vihisi vyake vimo katika setilaiti zinazopita juu ya mahali fulani mara chache kwa siku, ilhali kombora huwaka kwa dakika. Fungua ramani hiyo hiyo juu ya Tanzania au Kongo wakati wa kiangazi na utaona maelfu ya nukta za mashamba yanayochomwa. Hata Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa inayoitazama Bahari ya Hindi kutoka longitudo 45.5 mashariki, ambayo idara zetu za hali ya hewa huitumia, hutoa picha kamili kila baada ya dakika 15. Linganisha na sekunde 10 za DSP ya mwaka 1970. Picha ya umma inaweza kuonyesha moto uliobaki baada ya kombora kuanguka, na hilo lina thamani yake. Mwanzo wa safari hauonyeshi isipokuwa kwa bahati.

Jaribu kwa tangazo moja, kisha andika

Chukua tangazo la tarehe 12 Julai 2023. Korea Kaskazini ilirusha kombora la Hwasong-18, na siku iliyofuata ikasema lilipaa kwa sekunde 4,491, likafika kimo cha kilomita 6,648.4 na kuanguka umbali wa kilomita 1,001.2. Japani ilitoa namba zinazokaribiana: dakika 74, zaidi ya kilomita 6,000 na kilomita 1,000 hivi. Gawanya kwa kalamu. Moto ulioonekana ni wa dakika chache za kwanza. Kimo na umbali ni kazi ya rada, na kwa kuwa pande mbili zenye uadui zinakaribiana katika namba, unaweza kuziandika bila wasiwasi mkubwa. Lakini sentensi iliyopendwa na vichwa vya habari, kwamba kombora hilo linaweza kufika popote Marekani, ni hesabu juu ya hesabu: inachukua njia iliyoelekezwa juu sana, inailaza chini, kisha inakisia uzito wa kichwa ambao hakuna aliyeupima. Iandike, ila mtaje anayeisema.

Miezi mitatu kabla, tarehe 13 Aprili 2023, hesabu ya aina hiyo iliwafikia watu majumbani. Japani iliwaambia wakazi wa Hokkaido saa 1:55 asubuhi wajifiche kwa kuwa kombora lingeanguka karibu nao saa 2:00, kisha ikaondoa tahadhari hiyo kwa sababu halikuanguka huko. Urushaji ulikuwa wa kweli. Kilichokosewa ni mwisho wa safari. Na serikali haikukosea kutuma onyo, kwani aliye chini ya king'ora hana nafasi ya kupima ushahidi. Ndugu aliye Doha au Dubai akisikia tahadhari rasmi na aingie ndani kwanza, haya yote ni ya mtu aliyeketi mezani mbali na hatari.

Unapoandika, ziweke tabaka hizo tatu katika sentensi tofauti, kila moja na mwenyewe. Kwa mfano: «Jeshi la Korea Kusini limesema kombora la balistiki limerushwa kutoka karibu na Pyongyang saa 10:00 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Wizara ya Ulinzi ya Japani inakadiria kwamba limeanguka baharini, nje ya eneo lake la kiuchumi. Korea Kaskazini haijasema lolote.» Msomaji hapotezi kitu, na kesho ukipata namba mpya utabadilisha sentensi ya pili bila kuigusa ya kwanza.

Kisha weka ukumbusho wa kuirudia habari baada ya siku 3 na tena baada ya wiki 3. Kwa safari namba 752 siku 3 zilitosha. Kwa majeruhi wa Al Asad hata wiki 3 hazikutosha, na idadi iliendelea kupanda hadi Februari.